Maswali yenu kuhusu kofia ya chuma ya Sutton Hoo

Toleo lililopita tulichapa picha ya kofia ya vita iliyofukuliwa mwaka 1939 katika kaburi la meli (marehemu alizikwa ndani ya meli) huko Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, na sasa ipo British Museum, London. Ni ya mwanzoni mwa karne ya 7. Mmeuliza mengi.

Ni bamba moja au imeungwa? (Msomaji, Tanga)
Sehemu inayokaa kichwani ni bamba moja la chuma, lililofuliwa kwa nyundo mpaka likawa kama bakuli. Fundi chuma yeyote atakwambia hapo ndipo penye kazi. Kofia nyingi za zama zile ziliungwa vipande kwa ribiti. Kinga za mashavu na ya kisogo zilining'inia kwa bawaba za ngozi. Kinyago cha chuma kinachofunika uso, chenye pua na nyusi, kilikazwa, hakifunuki.

Mwenyewe alipumuaje?
Chini ya pua kuna matundu mawili. Basi.

Mbona ina kutu tupu? Mfalme gani angevaa hivyo?
Hakuvaa hivyo! Chuma kilifunikwa mabamba membamba ya shaba yaliyotiwa bati, kama masufuria ya shaba ya zamani yalivyotiwa bati ndani, kwa hiyo iling'aa kama fedha. Mabamba yaligongwa kwa muhuri: wapiganaji wawili wanaocheza, mpanda farasi akimkanyaga adui. Utosini kuna ukingo wa chuma uliotiwa nyuzi za fedha. Nyusi zimepangwa vijiwe vyekundu vya ganeti, ndugu wa tsavoraiti yetu ya kijani ya Taita. Sasa tazama kwa karibu: chini ya vijiwe vya nyusi moja kuna karatasi ya dhahabu inayorudisha mwanga, ya pili haina. Wapo wataalamu wanaosema ni makusudi, ishara ya Odin, mungu mwenye jicho moja. Kwa mwanga wa moto, jicho moja lingewaka na jingine kufifia. Mimi nashawishika.

Nani aliivunja? (Msomaji, Kisumu)
Hakuna. Chumba cha kaburi kiliporomoka chuma kikiwa kimeshaliwa na kutu, ndiyo maana hakikupinda, kilipasuka vipande zaidi ya 500. Herbert Maryon, mchongaji sanamu, alivipanga kwenye kichwa cha plasta miaka ya 1945 na 1946. Kazi ya subira, lakini taya na shingo vilibaki wazi, na shujaa gani huenda vitani shingo nje? Nigel Williams, mhifadhi wa vitu vya kale wa British Museum, aliifumua yote, akaijenga upya mwaka 1970 na 1971. Hii ya pichani ni yake.

Nikifika London nitajuaje kipi cha asili?
Chumba namba 41. Palipo laini, rangi ya hudhurungi bila nakshi, ni kijazio: kitambaa cha juti, ndiyo, kile cha magunia, kilichokakamazwa kwa gundi. Palipochakaa na kukwaruza ndipo penyewe. Nakala mpya inayong'aa ipo pembeni, usiikimbilie kwanza.