Vipimo safi, mwili unauma

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili niko Mbeya. Mwaka jana basi letu lilipinduka Kitonga, nikatoka na michubuko tu ila dada niliyekaa naye siti moja akafariki pale pale. Tangu hapo nikisikia honi ya basi moyo unaenda mbio, jasho, mikono inatetemeka. Tumbo linawaka, kichwa kila siku mpaka natembea na diklofenaki kwenye pochi, na sasa siku zangu zimeruka miezi miwili. Nimepima moyo wakasema mzima, daktari akaniambia nipunguze mawazo, basi. Mama mkwe anasema nimerogwa, mume anaona najidekeza tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na pole kwa yule dada pia. Hujidekezi. Ubongo ukihisi hatari unazishtua tezi zilizoko juu ya figo, zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, presha inapanda, damu inaelekezwa kwenye misuli ili ukimbie na tumbo linapunjwa, baadae inafuata homoni nyingine inaitwa kotisoli. Siku ya ajali hiyo ndo ilikusaidia kutoka kwenye lile basi, tatizo ni kwamba sasa hivi inawaka kila honi ikilia, hata ukiwa sokoni unachagua nyanya. Wewe ulipimwa moyo umelala kitandani umetulia, sasa wangeona nini? Moyo wenyewe mzima kweli.

Siku kuruka nako kunaweza kutokana na hilo, kwa sababu ubongo ukielemewa unapunguza homoni zinazoamrisha yai lipevuke. Lakini pima mimba kwanza jamani, wangapi wamesingizia stresi na mtoto yuko njiani!

Kwenye tumbo ndo nakugombeza. Huku kwetu kila kiungulia tunasema ni mawazo, kumbe vidonda vya tumbo vingi vinaletwa na bakteria anaitwa H. pylori, daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alimnywa makusudi mwaka 1984 ili awaonyeshe wenzake waliokuwa wanabisha, na 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli. Sababu nyingine kubwa ni hizo hizo diklofenaki zako. Yaani hofu inakuletea kichwa, kichwa kinakupeleka kwenye kidonge, kidonge kinachoma tumbo, halafu unaambiwa punguza mawazo. Acha kumeza kila siku, kapime H. pylori, na ukiona choo cheusi kama lami usisubiri kesho.

Mumeo mwambie hiki kitu kinatibiwa hospitali. Wataalamu wanakiita PTSD, yaani hofu inayong'ang'ania baada ya tukio la kutisha, Marekani walikiingiza rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya askari wengi kurudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa hawalali. Uliza kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa, na sisemi uende Mirembe, najua mtaani watakavyocheka. Mtaalamu atakusaidia kuisimulia ile ajali bila kuikwepa, halafu kuyarudia mabasi kidogo kidogo, leo unasimama stendi tu, siku nyingine unapanda daladala kituo kimoja. Kuambiwa "sahau" hakujawahi kumponya mtu. Na mama mkwe usibishane nae, mwambie aje akushike mkono hapo stendi.

SWALI: Jirani yetu kafiwa na mke, mwezi haujaisha na yeye kaondoka. Majonzi yanaua kweli? Mzee wa Tanga.

JIBU: Shikamoo mzee. Yanaweza. Miezi ya mwanzo baada ya kufiwa na mwenza, hatari ya kufa inapanda, hilo limeonekana nchi nyingi, na wengine sababu ni kwamba wanaacha kula na kunywa dawa zao za presha au sukari. Halafu kuna ugonjwa ulioelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1990, takotsubo, mshtuko mkubwa unafanya sehemu ya moyo itune na ishindwe kusukuma damu vizuri, unawapata zaidi kina mama waliokwishakoma hedhi. Wengi wanapona ndani ya wiki chache wakiwahiwa. Ila kwa macho hauna tofauti na shambulio la moyo la kawaida, kwa hiyo mtu akishika kifua msibani msimmwagie maji mkasema ni uchungu, mtafutieni gari.