Maswali na Majibu: Lefebvre, Jina la Mhunzi

Tangu nilipogusia majina ya ukoo ya Wafaransa, barua nyingi zilizonifikia zimehusu jina moja tu, Lefebvre. Nazijibu hapa kwa pamoja.

Jina hili linatamkwaje, na ile b ina kazi gani? (Msomaji, Tanga)

B haitamkwi, sema «Lefevr», bila irabu mwishoni. Kifaransa cha kale kilikuwa na neno fevre, yaani mhunzi, lililotokana na faber la Kilatini, na wasomi waliohusudu Kilatini wakairudisha b kwenye maandishi ili asili ya neno ionekane, ila vinywa havikuifuata. Tena katika miandiko ya zamani u na v hazikutenganishwa. Chukua kalamu uandike u isiyo na mkia, kisha v yenye kitako cha mviringo, uone kama jirani yako ataweza kukuambia ipi ni ipi. Kutokana na utata huo wako waliolisoma jina kwa u, likazaliwa jina jingine, Lefébure, ambalo lina watu wake hadi leo.

Lefebvre, Lefèvre, Fabre na Faure ni ukoo mmoja? (Msomaji, Mombasa)

Sio. Nimekwisha kulijibu swali hili zaidi ya mara moja, na naomba safari hii jibu lishikwe: majina haya yameunganishwa na kazi, hayakuunganishwa na damu. Kila kijiji kilichokuwa na mhunzi kingeweza kutoa jina hilo bila kujua habari za kijiji cha pili. Kaskazini, pande za Lille na Picardie, likawa Lefebvre au Lefèvre. Kusini, wanakozungumza Kioksitani, likawa Fabre na Faure, na ndiko alikozaliwa Jean-Henri Fabre, mchunguzi mashuhuri wa wadudu. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliagiza parokia ziweke daftari za ubatizo, na sheria ya mwaka 1794 ikakataza raia kutumia jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Hivyo tahajia aliyoichagua karani ikaganda. Waingereza wana Smith, Wajerumani Schmidt, Waarabu Haddad, na msomaji wa pwani anayehudhuria Ratibu ya Haddad, uradi wa Kiislamu, analitaja neno la mhunzi pengine bila kujua. Kwa hiyo jihadhari na wanaouza mtandaoni «nembo ya ukoo wa Lefebvre». Hakuna nembo moja ya wahunzi wote wa Ufaransa, na fedha utakayolipa itakuwa imepotea.

Lefebvre aliyeandika juu ya miji ndiye yule wa Mapinduzi ya Ufaransa? (Mwanafunzi, Dodoma)

Siye, na kosa hili linaniuma. Katika maktaba moja niliyoitumia nikiwa mwanafunzi, vitabu vya watu hawa wawili viliorodheshwa kwenye kadi moja, «Lefebvre, G. H.», kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na nilipoteza siku nzima kwa sababu hiyo. Georges alizaliwa Lille mwaka 1874 na kufariki mwaka 1959. Ni mwanahistoria aliyechimba kumbukumbu za wakulima wa kaskazini, akaeleza jinsi uvumi ulivyoitia vijiji hofu katika kiangazi cha mwaka 1789. Henri, aliyezaliwa Hagetmau mwaka 1901, alikuwa mwanafalsafa wa Kimarx, na ndiye aliyedai mwaka 1968 kwamba mkazi ana haki juu ya mji wake. Mwanafunzi anayenukuu «Lefebvre» bila jina la kwanza hajanukuu chochote.

Ni kweli kwamba rubani wa kwanza kufa akiendesha ndege alikuwa Lefebvre?

Ni kweli: Eugène Lefebvre, huko Juvisy, tarehe 7 Septemba 1909.

Askofu Mkuu Lefebvre ana uhusiano gani na Bagamoyo? (Msomaji, Morogoro)

Uhusiano ni wa shirika. Marcel Lefebvre, Askofu Mkuu wa Dakar hadi mwaka 1962, aliliongoza Shirika la Roho Mtakatifu tangu mwaka huo hadi 1968, na shirika hilo ndilo lililoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, karibu miaka mia moja kabla yake. Msimbebeshe mema wala mabaya ya waliotangulia. Kutengwa kwake na Kanisa kulitokana na kuwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, tarehe 30 Juni 1988, huko Écône, Uswisi. Alifariki mwaka 1991, mwaka uleule aliofariki Henri, ambaye hawakulingana hata kwa wazo moja kuhusu jamii.

Kuna Lefebvre aliyepigana chini ya Napoleon?

Yupo: Marshali François Joseph Lefebvre, aliyeuteka mji wa Danzig mwaka 1807 akapewa cheo cha heshima cha Duke wa Danzig. Mkewe, Catherine Hübscher, alikuwa dobi kabla ya kuwa mke wa Duke, na kwangu mimi yeye ndiye anayestahili kukumbukwa zaidi.

Binti yetu anaolewa na kijana wa Québec aitwaye Lefebvre. Tuandike «Lefevri» kwenye cheti ili majina yasomeke? (Mzazi, Arusha)

La, mzazi mwenzangu. Cheti kisicholingana na pasipoti kitawasumbua kwenye viza, benki na hata siku ya kumwandikisha mjukuu shule. Nyumbani mtamkeni mtakavyo. Kwa msajili nendeni na pasipoti ya kijana mkononi, mkamsomee karani herufi nane, moja baada ya nyingine, na msitie saini mpaka muione ile b.