Programu za kufuatilia maambukizi: ziamini kwa kiasi gani?

Wakati wa UVIKO-19 kazi yangu ilikuwa kupiga simu: kuwatafuta waliokaribiana na wagonjwa na kuwaomba wajitenge, wakapime. Programu za simu zilifanya kazi hiyohiyo sambamba nasi, na hadi leo watu huniuliza kama ni za kuaminika. Ninavyoona mimi, ikikupa tahadhari kwamba ulikaribiana na mgonjwa, chukua hatua. Ikikaa kimya, usijihesabu kuwa salama.

Nyingi zilitegemea Bluetooth. Simu haipimi mita. Inapima nguvu ya mawimbi yaliyoifikia kutoka simu nyingine, kisha inakisia umbali. Mwili wa mtu huyadhoofisha mawimbi hayo, na chuma huyaakisi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Trinity College walifanya majaribio ndani ya tramu jijini Dublin. Washiriki walikaa karibukaribu, wengine chini ya mita 2, lakini kanuni zilizotumika katika programu za Uswisi na Ujerumani hazikutoa tahadhari hata moja.

Kuna na kinyume chake. Mama mmoja alipata tahadhari naye aliniapia kwamba hakutoka nje wiki nzima. Kumbe kitanda chake kimeegemea ukuta unaomtenganisha na jirani. Mawimbi hupenya ukuta, virusi havipenyi. Mfumo haumtaji mgonjwa, hivyo hatukuweza kuthibitisha, na bado nilimshauri apime.

Ila teknolojia siyo inayonisumbua zaidi. Ili tahadhari itoke, mgonjwa na aliyekaribiana naye lazima wote wawe na programu. Nusu ya watu wakiwa nayo, ni robo tu ya mikutano yao inayoonekana. Kisha mgonjwa apime, majibu yasichelewe, na aingize kwenye programu namba ya uthibitisho anayopewa akikutwa na virusi. Hapo ndipo nilipowaona wengi wakikwama: namba wanayo, wanaogopa kulaumiwa, wanaiacha. Inaniuma, kwa sababu katika mfumo wa Apple na Google, uliotumiwa na nyingi ya programu hizi, aliyepokea tahadhari hakuambiwa imetoka kwa nani.

Pamoja na hayo yote, zilisaidia. England na Wales, ambako takriban asilimia 28 ya watu walitumia programu yao, watafiti walikadiria kwamba ilizuia maambukizi ya watu laki kadhaa mwishoni mwa 2020. Kati ya waliopata tahadhari, takriban asilimia 6 walikutwa na virusi, kiwango kinachokaribiana na cha sisi wapiga simu.

Kabla ya kupakua, soma taarifa zako zinakaa wapi, kwa siku ngapi, na nani anaweza kuziomba. Singapore watu waliambiwa taarifa za programu yao, TraceTogether, ni za ugonjwa tu, na Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wanaweza kuzitumia katika upelelezi.

Na ukikutwa umeambukizwa, ingiza namba siku hiyohiyo, halafu wapigie mwenyewe wote uliokaa nao chumba kimoja, kuanzia siku 2 kabla ya dalili. Wengine hawana hata hiyo programu.