Walebanoni na Wasyria wa Marekani: nani ana kipato kikubwa, na kwa nini jibu la haraka linapotosha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma masters ya uchumi hapa Dar, tasnifu yangu inahusu jamii zenye asili ya wahamiaji. Nimepakua data za ile sampuli ya kila mwaka ya ofisi ya sensa ya Marekani, nikachuja waliojiandika asili ya Lebanon na waliojiandika asili ya Syria, nikapiga mediani ya kipato cha kaya (yaani kipato cha kaya iliyo katikati ukizipanga zote), Walebanoni wakawa juu. Msimamizi kaniambia nisiandike kitu mpaka nieleze sababu. Je ni elimu, ni dini, au Walebanoni wana kipaji cha biashara zaidi? Na haya matokeo naweza kuyatumia kwa Brazil na Afrika Magharibi?

JIBU: Marahaba dada, na hongera kwa kuanza na data badala ya kuanza na maneno ya watu. Msimamizi wako kafanya vizuri kukuzuia. Hiyo namba si ya uongo ila haisemi kile unachodhani inasema. Umelinganisha makundi mawili ambayo kila moja lina watu wa nyakati tofauti kabisa, kuna ambao mababu zao walishuka bandarini New York kabla ya vita ya kwanza ya dunia na kuna ambao wametua juzi tu mwaka 2016 wakiwa wakimbizi, wote umewatia kapu moja ukaliandika jina la nchi. Kwa sehemu kubwa kinachobeba tofauti ya kipato hapo ni lini mtu alifika na alifika kwa karatasi gani, wala sio katoka upande upi wa mpaka.

Na mpaka wenyewe tuuangalie, maana watu wengi wanaurukia. Wale wa kwanza walianza kuondoka kama miaka ya 1880, wakati huo kote kule ni dola ya Wauthmaniyya (Ottoman), hakuna nchi inayoitwa Lebanon. Maofisa wa uhamiaji wa Marekani mwanzoni wakawaandika kama watu wa Uturuki, kuanzia 1899 wakaanza kuwaandika Wasyria, na wengi wao walikuwa wametoka Mlima Lebanon. Lebanon Kubwa ilitangazwa na Wafaransa Septemba 1920, uhuru ukaja 1943, Syria ikafuata 1946. Kwa hiyo unaweza kukuta familia moja, babu kaandikwa Msyria mwaka 1910 na mjukuu anajaza fomu leo anaandika Mlebanoni, na familia ya jirani yao kutoka kijiji hichohicho hawakubadilisha, wanaandika Syria mpaka leo. Sasa kwa wazee waliozaliwa Marekani humo kwenye faili lako, unalinganisha nani na nani hasa?

Hao wa wimbi la kwanza ndo ningependa uwaelewe vizuri, maana mambo mengi ya kiuchumi yalianzia kwao. Mlima Lebanon ulikuwa umeegemea hariri, watu wanafuga viwavi na kuuza kwa wenye viwanda vya Ufaransa, hariri ya Japan na China ilipojaa sokoni bei ikaanguka na vijana wakaanza kutafuta nauli. Walipofika Marekani wengi hawakuingia viwandani, waliingia umachinga. Pale mtaa wa Washington, kusini mwa Manhattan, kulikuwa na wafanyabiashara wa jumla waliotangulia, wakawa wanampa mgeni sanduku la bidhaa kwa mali kauli, humo mna sindano, vifungo, lesi, mashuka ya kitani, na rozari na sanamu za watakatifu zilizosemekana zimetoka Nchi Takatifu. Mgeni anabeba mgongoni anazunguka mashambani nyumba kwa nyumba kwa wake wa wakulima ambao duka liko mbali nao, akirudi analipa deni, anachukua mzigo mwingine mkubwa zaidi. Na wanawake walizunguka pia, wengi tu. Baada ya miaka kadhaa mtu anafungua duka la nguo kwenye mji mdogo huko ndani ndani, anamwita mdogo wake, mdogo wake anaanzia palepale kwenye sanduku.

Angalia huo mfumo ulifanya nini. Mtaji wa kuanzia haukutoka benki, ulitoka kwa mtu wa kijiji kimoja anayekuamini. Umachinga ukawatawanya nchi nzima badala ya kuwarundika mtaa mmoja, watoto wakakua miji ambayo hakuna mwenzao anayeongea Kiarabu, wakasoma, wakaoa na kuolewa nje. Alafu sheria nayo ikawabeba, mwaka 1915 kwenye kesi ya George Dow, mhamiaji kutoka Syria, mahakama ya rufaa iliamua kwamba watu wa Syria wanahesabika weupe kwa mambo ya uraia, na uraia wakati ule ulikuwa mlango wa kura na kwenye baadhi ya majimbo mlango wa kumiliki ardhi. Wajapani na Wahindi walifungiwa mlango huohuo. Mwaka 1924 sheria ya kugawa nafasi za wahamiaji kwa kila nchi ikaja, Syria na Lebanon kwa pamoja wakapewa kama nafasi 100 tu kwa mwaka, kwa hiyo kwa miaka arobaini ile jamii haikupokea wageni maskini wa kushusha wastani, ilikua kwa kuzaa tu.

Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 mlango ukafunguka tena na hapo ndo historia za nchi mbili zinaanza kuachana. Lebanon iliingia vitani 1975 mpaka 1990, waliokimbia walikuwa mchanganyiko, kuna waliosoma chuo cha Kimarekani cha Beirut kwa Kiingereza wakafika na shahada inayoeleweka na mwajiri, na kuna familia za vijiji vya kusini waliofuata ndugu zao Dearborn, Michigan, kwenye viwanda vya magari. Kutoka Syria miaka hiyo walikuja watu wachache zaidi na wengi walikuwa na taaluma, madaktari hasa. Kisha 2011 vita ya Syria. Kwenye mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi wa Syria kama 12,500, familia zenye watoto wengi, waliochaguliwa kwa sababu wako hatarini na sio kwa sababu wana vyeti. Januari 2017 amri ya rais ikasimamisha kuwapokea. Sasa weka hilo kwenye ukubwa wa makundi: sensa ya 2020 ilikuta waliojiandika Lebanon ni karibu 685,000 na waliojiandika Syria ni kama 220,000. Kundi dogo likipokea wageni wapya wa kipato cha chini linatikisika haraka, kundi kubwa halionyeshi chochote.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni sensa ya 2000, kabla ya vita ya Syria. Ripoti maalum ambayo ofisi ya sensa iliitoa 2005 kuhusu watu wenye asili ya Kiarabu ilionyesha mediani ya kipato cha familia za Waarabu wote ni takriban dola 52,300, taifa zima dola 50,000, lakini umaskini wa Waarabu ulikuwa asilimia 16.7 wakati taifa ni 12.4. Ukishuka ndani ya makundi, Walebanoni na Wasyria wote wawili walikuwa juu ya taifa kwa kipato na chini ya taifa kwa umaskini, wanakaribiana, na waliovuta umaskini juu ni makundi ya waliofika karibuni kama Wairaki. Kama kungekuwa na kipaji cha Kilebanoni kinachowazidi Wasyria, kingeonekana hapo, mwaka ambao hakuna wakimbizi wa kukichanganya.

Kwa hiyo hilo la kipaji naomba ulifute kabisa kwenye tasnifu, na nasema hivi kwa uzito kwa sababu sentensi kama hizo zikishachapishwa zinageuka kuwa sifa za kabila ambazo mtu anazaliwa nazo. Nenda Australia ukaone. Walebanoni waliofika Sydney kwa wingi kuanzia 1976 wakikimbia vita walipokelewa kwa masharti yaliyolegezwa, wengi bila Kiingereza, na wakaingia soko la ajira wakati viwanda vya Sydney vinaanza kupunguza watu, na kwa miaka mingi ukosefu wa ajira maeneo kama Lakemba ulikuwa juu sana. Nchi waliyotoka ni ileile, wengine hata vijiji ni vilevile, matokeo tofauti. Kilichobadilika ni mwaka wa kufika na soko lililowapokea.

Elimu ndiyo, inahusika, ila usiiweke kama sababu inayosimama peke yake, maana elimu yenyewe imetegemea nani aliruhusiwa kuingia mwaka gani. Dini huwezi kuijibu kwa data hizi hata ukijaribu, sheria ya 1976 inakataza sensa ya Marekani kumlazimisha mtu kutaja dini na dodoso haliulizi. Na hapo kuna mtego mwingine. Wayahudi wa Aleppo, mji wa Syria, waliojijenga Brooklyn kwa biashara ya nguo na baadaye vifaa vya umeme, kuna wanaoandika Syria na kuna wasioandika. Waarmenia waliozaliwa Aleppo au Beirut wataandika Armenia. Ukichuja kwa asili unapata watu fulani, ukichuja kwa nchi ya kuzaliwa unapata wengine, kwa hiyo amua mapema unataka nani na uandike wazi.

Kuna na hili la wanaopotea. Kizazi cha tatu na cha nne kimechanganyika, mtu ana bibi mmoja Mlebanoni na wengine watatu Waairishi na Waitaliano, fomu inachukua majibu mawili tu ya asili, anaandika anayoyakumbuka. Wakati mwingine wanaopotea hivyo ndio waliofanikiwa zaidi na kuoa mbali zaidi, wakati mwingine kufanikiwa kunamfanya mtu ajivunie asili na aiandike. Hutaweza kulirekebisha hilo kwa faili ulilonalo, lakini litaje kwenye mipaka ya utafiti na usilipe mstari mmoja tu.

Sasa Brazil na Afrika Magharibi. Hapana, usihamishe matokeo. Brazil hata wenyewe wamewaunganisha, wanasema Wasyria-Walebanoni kama kitu kimoja, ndo maana São Paulo kuna hospitali kubwa yenye majina yote mawili, iliyoanzishwa na chama cha akina mama mwaka 1921. Michel Temer, rais wa zamani wa Brazil, asili yake kijiji cha Btaaboura, kaskazini mwa Lebanon, na ukivuka kwenda Argentina kulikuwa na rais Carlos Menem ambaye wazazi wake walitoka Yabroud, Syria. Watu maarufu kama hao au tajiri kama Carlos Slim wa Mexico wasiingie kwenye hoja yako ya kipato, wanakuambia mlango ulikuwa wazi kiasi gani kwa juu, hawakuambii muuza duka wa kawaida anaishije.

Afrika Magharibi ni hadithi nyingine kabisa. Kule walikaa katikati, kati ya makampuni ya kikoloni na mkulima, wakinunua karanga Senegal na kuuza vitambaa Sierra Leone, wakapata pesa lakini hawakupata usalama. Mwaka 1919 Freetown maduka yao yalivamiwa kwenye ghasia za bei ya mchele. Baada ya uhuru Sierra Leone ikabadilisha sheria ya uraia mwaka 1962 na kudai asili ya Kiafrika kwa upande wa baba, John Akar ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanon akafungua kesi iliyofika mpaka London na kushinda huko 1969. Mtu ambaye uraia wake unajadiliwa mahakamani hawekezi kama mtu mwenye hati mkononi, anabaki kwenye bidhaa zinazouzika haraka na akiba anaipeleka nje. Wasomaji wetu wa Kinshasa wanaowaona Walebanoni wa maduka ya jumla watanielewa.

Na hiyo akiba ya nje inaturudisha kwenye kitu ambacho data zako hazina: mali. Dodoso linauliza kipato, haliulizi akiba wala pesa mtu anazotuma kwao. Familia nyingi za Kilebanoni za ughaibuni ziliweka dola benki za Beirut kwa sababu riba ilikuwa kubwa na paundi ya Lebanon ilikuwa imefungwa 1,507 kwa dola tangu 1997, mwishoni mwa 2019 benki zikafunga milango na kufikia 2023 dola moja ilikuwa imefika kama paundi 90,000. Kuna watu kipato chao kwenye jedwali lako kimesimama palepale na akiba ya miaka ishirini haishikiki. Wasyria nao kwa miaka ya vikwazo walituma pesa kwa njia za kuzunguka, kwa gharama kubwa, na hiyo nayo haionekani.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Chukua faili la miaka mitano badala ya mwaka mmoja, maana Wasyria kwenye sampuli ya mwaka mmoja ni wachache na ukianza kuwagawa mediani itayumba. Tafuta kwenye safu zote mbili za asili, sio ya kwanza tu. Kabla hujapiga hesabu toa namba 9999999 kwenye safu ya kipato kama ipo kwenye faili lako, hiyo ni alama ya kwamba swali halimhusu, nimeshaona wanafunzi wanaiacha humo alafu wanashangaa matajiri wametoka wapi. Tumia uzito wa kaya kwa kipato cha kaya na uzito wa mtu kwa kipato cha mtu (uzito ni namba inayosema kila aliyehojiwa anawakilisha wangapi). Gawa kipato cha kaya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu ndani yake, la sivyo kaya ya watu saba wanaofanya kazi watatu itaonekana iko sawa na ya watu wawili. Baki na umri wa miaka 25 mpaka 64. Kisha gawa kila asili makundi manne: waliozaliwa Marekani, waliofika kabla ya 1990, waliofika 1990 mpaka 2010, na waliofika 2011 kuendelea, na hapo ndipo ulinganishe Mlebanoni na Msyria wa kundi moja. Kwenye kundi la mwisho ripoti na kiwango cha makosa kando ya kila mediani, na kama mipaka yake inaingiliana sana andika kwamba data hazitoshi kusema nani yuko juu, hilo nalo ni tokeo halali na msimamizi wako atalipokea.