Mwenzako akija kanisani Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Busia. Sisi wazima, na baba yako anakusalimu sana. Umeniuliza umwambie nini mwenzako wa kazini, yule binti wa Arua aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu, ambaye ameomba kufuatana nawe Namirembe, kanisa letu kuu la Kianglikana hapo Kampala, akaone ibada yetu ilivyo. Nimefurahi kwamba ameomba mwenyewe. Mweleze yote mapema, hata yale unayoyaona madogo.

Langoni huenda wakamkagua mkoba. Tangu mabomu ya Julai 2010 watu wa Kampala wamezoea. Viatu havivuliwi. Wanaume na wanawake huketi pamoja, na hilo umwambie kabla hajaingia. Akitaka kufunika kichwa na afunike. Vazi lolote la heshima linatosha; gomesi, lile gauni refu la Kiganda, si lazima. Kama Kiluganda hakimwingii, nendeni ibada ya Kiingereza.

Ndani, mwambie watu watasimama, wataketi, watapiga magoti, kisha watasimama tena. Kuna nyimbo, ungamo la dhambi, Zaburi, masomo ya Biblia, Kanuni ya Imani, mahubiri. Yeye asimame nanyi kwa heshima akipenda, lakini asitamke maneno asiyoyaamini. Kanuni ya Imani ni ahadi nzito, na sipendi mtu aisome kwa sababu tu jirani yake anaisoma.

Linalonitia wasiwasi ni lile la wageni kuambiwa wasimame wajitambulishe. Makanisa yetu mengi hufanya hivyo kwa upendo, watu wakapiga makofi, lakini si kila mgeni anafurahia kutazamwa na kanisa zima. Muulize nyumbani, kabla hamjatoka: atasimama au hatasimama? Akisema hapana, wewe nawe usimnyanyue kwa kiwiko. Keti naye, ikiwezekana karibu na njia, asijione amebanwa.

Sadaka zinaweza kuwa mbili, na pengine ahadi za ujenzi juu yake. Mgeni hadaiwi chochote. Baada ya ibada akiona ndizi, mayai au kuku wanapigwa mnada, mweleze kwamba ni sadaka za watu wasio na fedha mkononi, nazo zinageuzwa fedha za kanisa. Hapo akitaka kununua matoke yake, anunue!

Ikiwa ni Jumapili ya Ushirika Mtakatifu, mkate na divai ni vya waliobatizwa na kupata kipaimara. Abaki kwenye benchi bila kuona haya. Hatabaki peke yake, maana waumini wengi wa siku zote hawaendi mezani, wengine kwa sababu hawajafunga ndoa kanisani. Wewe nenda kama kawaida, ila mwambie kwamba utarudi.

Halafu kuna swali ambalo huwezi kulizuia: "Umeokoka?" Tangu uamsho wa walokole, yaani waliookoka, ulipovuka kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, wazee wetu huuliza hivyo kama vile wengine wanavyouliza habari za nyumbani. Yeye anaweza kujibu tu, "Nimekuja kutembea na rafiki yangu." Ukimwona mtu ameanza kumbana na maswali, ingia kati kwa upole umwondoe. Nakuomba sana, mwanangu, usimgeuze kuwa mavuno yako. Ameomba kuona; mwache aone. Na wewe mwenyewe usimuulize siku hiyohiyo moyo wake umesemaje. Akitaka kuzungumza, atazungumza.

Mkimaliza, msikimbilie boda. Mzungushe uwanjani. Kanisa la sasa lilijengwa kati ya 1915 na 1919, baada ya lile la awali kupigwa na radi na kuungua mwaka 1910. Mwonyeshe kaburi la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na la Dakta Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Kutoka kilimani pale mtauona mnara wa msikiti wa Old Kampala. Mwombe naye siku moja akupeleke kule akueleze yao, na huko uwe wewe mgeni: ujifunike vizuri, uvue viatu, usikilize.

Msalimie sana. Mwambie akipata likizo mje wote wawili, chumba cha wageni kipo.

Mama yako