Kingamwili dhidi ya retina: jicho lililobaki liko hatarini?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba, miaka 61, aliondolewa jicho la kushoto kwa melanoma ya koroidi (saratani ya tabaka la ndani ya jicho, chini ya retina). Sasa kipimo cha damu kimeonyesha kingamwili (protini za kinga ya mwili) dhidi ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Je, jicho la kulia nalo litapofuka? Aanze steroidi?

JIBU: Marahaba. Steroidi, dawa za kutuliza kinga, ngojeni kwanza. Zinapandisha sukari na presha, na majibu hayo ya damu peke yake hayatoshi.

Retina huishi kwa kujificha. Kuta za mishipa yake ya damu hazivuji, protini zake hazitoki hovyo, hivyo mfumo wa kinga hauzizoei. Uvimbe ukikua chini yake huichana na kuivujisha, na mwili ukaunda kingamwili dhidi ya vitu unavyoviona vigeni. Lakini kingamwili hizo hukutwa hata kwa watu wazima wa afya, na maabara mbili zaweza kupishana kwa damu ile ile.

Mwulizeni baba: giza likiingia, anashuka ngazi bila kupapasa? Anaona vimulimuli vinavyochezacheza hata akiwa ametulia? Kinga ikishambulia kweli, mgonjwa husema usiku umemshinda ghafla, ilhali daktari akichungulia mwanzoni huona retina safi. Hapo ndipo wengi huambiwa macho ni mazima, wakarudishwa nyumbani.

Kinachoamua ni kipimo cha umeme wa retina. Mgonjwa hukaa gizani kama dakika 20, kisha humulikwa mwanga wa kumweka. Mchoro wa kawaida hushuka kidogo, halafu hupanda juu sana. Kingamwili za melanoma hulenga seli zinazopokea ujumbe kutoka seli za mwanga, hasa mlango wa protini uitwao TRPM1, uliotambuliwa mwaka 2011. Mchoro hushuka vizuri, kupanda ukashindwa. Kwa saratani ya mapafu mambo ni mengine: kingamwili hulenga protini iitwayo rekoverini ndani ya seli za mwanga zenyewe, na mawimbi yote hufifia.

Mashambulizi haya ni nadra, na melanoma ya ngozi huyaleta zaidi kuliko ya jicho. Kama baba anaona vizuri na mchoro ni wa kawaida, mwacheni bila dawa, arudi akianza kupapasa gizani.

Kama fedha ni ya kuchagua, tangulizeni ultrasound ya ini. Melanoma ya jicho ikisambaa hukimbilia huko, wakati mwingine miaka mingi baada ya jicho kuondolewa.