Muulize Shangazi: Mtoto anaogopa fashifashi

Shangazi shikamoo, nina wa kwangu wa miaka minne, honi ya basi tu anaziba masikio analia, sasa mkesha wa mwaka mpya tumealikwa Arusha kwenye fashifashi na dadake anazisubiri kwa hamu, nifanyeje?
Mama wawili, Moshi

Marahaba mwanangu. Usimkalishe mbele, hapo ndo wengi wanakosea. Kaeni mbali kama kilomita moja hivi, ndani ya gari vioo juu, rangi ataziona vizuri tu ila mshindo utafika umepungua, tena utachelewa kama sekunde tatu maana sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, basi ufanyeni mchezo, akiona mwanga mnahesabu "moja, mbili, tatu, bum!", akijua linakuja halimshtui sana. Mtafutie zile hedifoni za watoto za kuzuia kelele (pamba haifui dafu) na azizoee nyumbani kwanza, mkiangalia video za fashifashi sauti chini, mnaongeza kidogokidogo. Dada mtu aende karibu na babake. Huyu mdogo akisema "twende", ondokeni hapohapo, na watu wasimcheke.